Kilo za Kumwoshea Mama

Mama alilisema jambo lile mwezi wa nane, mchana kweupe, na alilisema kama mtu anayeagiza chumvi.

"Ashura, nikifa utaniosha wewe."

Ashura alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, kwenye kiti cha mbao, kiti pekee katika nyumba ile ya Mbekenyera ambacho hakikulalamika alipokikalia. Alikuwa ametoka kwake Mtua, upande wa Nachingwea, kuja kumtazama mama yake, na safari yote ilikuwa imemkaa magotini. Akamtupia jicho wifi yake Somoe, mke wa mdogo wake Amri, aliyekuwa akipepeta mbaazi mlangoni. Somoe aliacha kupepeta.

"Mama, habari za kufa zimetoka wapi?"

"Sikwambii habari za kufa. Nakwambia habari za kuosha." Mama, Bi. Binti kwa jina, alikuwa Mmwera. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na alipochoka kilimtoroka, lakini siku ile alichagua maneno yake moja moja. "Bi. Tabu ndiye anayeosha hapa. Mikono yake sina neno nayo. Lakini mdomo! Akikuosha leo, kesho kisimani wanajua una makovu mangapi. Wewe langu unalijua."

Ashura alilijua. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake aliungua moto wa kusafishia shamba, upande wa kushoto, kuanzia kiunoni mpaka pajani. Kwa miezi miwili mtoto yule ndiye aliyempaka dawa na kumbadilishia vitambaa, mlango umefungwa. Kidonda kilipofunga, Mama alilifunika kovu lile kwa kanga mbili na hakulionyesha tena kwa mtu.

"Nitakuosha, Mama."

Mama alimtazama. Hakutazama uso, alitazama magoti.

"Utainamaje?"

Swali lile Ashura alirudi nalo Mtua. Kuosha maiti kwao si kazi ya kusimama. Kitanda cha kamba kinakaa chini, ufuo unachimbwa chini yake ili maji yaingie humo, na waoshaji wanapiga magoti kukizunguka. Yeye alikuwa na mwaka wa sita hajapiga goti hata kwa kuswali. Aliswali amekaa kwenye kiti, kama mgeni.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza vidoleni. Asubuhi vilikuwa vigumu kama kuni, hata kifuniko cha chupa ya chai kilimshinda. Baadaye ukashuka magotini, na huko ukakuta mzigo. Hospitalini waliyaita magoti yaliyosagika, na mgongo wakaupa jina lake. Kadiri alivyoumwa ndivyo alivyoacha shamba, na kadiri alivyoacha shamba ndivyo alivyonenepa, na kadiri alivyonenepa ndivyo alivyoumwa. Na lililomtia aibu kuliko yote ni kwamba chakula ndicho kilichomtuliza. Ukiwa na sahani ya ugali wa moto na mchuzi wa karanga mbele yako, kwa robo saa hivi mwili unakusamehe.

Alikwenda kliniki Nachingwea mjini, wakampima: kilo mia moja na nne.

Muuguzi wa pale, Sista Domitila, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha. Ashura alipomweleza kwamba mama yake yu karibu kufa na kwamba yeye lazima apige magoti, Domitila aliacha kuandika.

"Tuna muda gani?"

"Sijui, Sista. Mungu ndiye anajua."

"Basi tusipoteze hata siku. Na usije ukanunua vile vidonge vya kupunguza unene vinavyotangazwa kwenye simu."

"Nitavinunua na nini?"

"Afadhali. Njia yangu haina gharama. Ugali, ngumi moja, ngumi yako si ya mumeo. Mboga ijaze nusu ya sahani. Mlenda, kisamvu, matembele, lakini nazi na karanga iwe siku mojamoja. Chai bila sukari. Maandazi usipishane nayo hata njiani. Na kutembea huwezi, basi fanya hivi." Akasogeza kiti, akakaa, akasimama, akakaa, akasimama. "Tafuta kitu kigumu kisichoyumba. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Kila kilo moja unayoshusha, goti linaona kama umelitua nne. Ukifika themanini na tisa, tutazungumza habari ya kupiga magoti."

Themanini na tisa. Ashura aliibeba namba ile kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja.

Nyumbani hapakuwa na kitu kigumu kisichoyumba isipokuwa kinu. Alikipindua nyuma ya jiko, akakikalia. Kukaa ilikuwa rahisi, alijiachia tu. Kusimama ndiko kulikomtoa jasho. Ndani ya magoti palikuwa kama mtu amemwaga mchanga. Siku ya kwanza alisimama mara mbili, mara ya tatu akashindwa, akabaki palepale mpaka mumewe Ismaily alipotoka msikitini.

"Umekipindua kinu changu," Ismaily akasema. "Sasa tutatwanga kwa nini, kwa meno?"

"Nivute mkono, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, mama. Nakiuliza kinu kama kimekubali."

Alimvuta. Na jioni ile, Ashura alipojipakulia ugali wa ngumi moja, Ismaily naye akapunguza wake, akala kimya, kisha akaingia ndani na kipande cha muhogo mkavu akidhani haonekani.

Njaa ile haikuwa njaa ya kawaida. Mtu mwenye afya anaweza kuisahau njaa kwa kazi. Ashura alikaa nayo, yeye na maumivu na njaa, watatu, kutwa nzima nyuma ya jiko. Kila jioni alimpigia simu Amri.

"Mama vipi?"

"Yupo. Uji amekunywa kidogo."

Naye anakata simu na kujiambia kwamba siku moja imeongezwa, kilo bado.

Nauli ya kwenda mjini kila wiki kujipima hakuwa nayo, na bila kujipima angejuaje? Wazo la mizani ya Hemedy lilimjia lenyewe. Hemedy alikuwa mnunuzi, na kibanda chake kilikuwa njia panda, mwendo mfupi kutoka kwa Ashura. Alinunua mbaazi mbele ya watu, na korosho zikianza alizinunua kwa mlango wa nyuma, za kangomba, zile zisizopitia chama cha ushirika. Mizani yake ilikuwa ya chuma ya kukanyagia, yenye uso wa saa na mshale mwekundu. Nyuma ya sikio alichomeka bisibisi, siku zote, kama fundi redio.

Wiki mbili baada ya kliniki, Ashura alifika pale na fimbo yake. Watu walikuwa kwenye foleni na magunia yao.

"Mama Nuhu!" Hemedy akaita. "Leo umeniletea nini?"

"Nimejileta mwenyewe. Nipime."

Foleni ililipuka kwa kicheko.

"Hemedy, usisahau kutoa kilo ya gunia!" mmoja akapiga kelele.

"Angalia kwanza daraja! Hiyo ni daraja la kwanza, imekaushwa vizuri!"

Ashura alipanda. Kucheka wacheke. Mshale ulitetemeka, ukatulia.

"Tisini na tisa," Hemedy akasoma.

Tisini na tisa! Kilo tano kwa wiki mbili. Alishuka akiwa hasikii vicheko. Alimpigia Ismaily simu akiwa bado njiani, yeye ambaye hakuwa na haja ya simu, mume yuko nyumbani.

Tangu hapo kila Alhamisi alikwenda. Tisini na sita. Tisini na tatu. Mbaazi zilipopanda bei mwezi wa kumi na wanunuzi wakawa wengi, mshale ulishuka mpaka tisini na moja. Foleni haikucheka tena. Wanawake walianza kumwuliza anakula nini, na Hemedy alijisifu kwamba mizani yake ina baraka. Ashura alijitazama mkono, akaona kama bangili imelegea. Maumivu hayakupungua sana, lakini alijiambia kwamba magoti ni mazito kuelewa, yatakuja kujua. Asubuhi alisimama kwenye kinu mara kumi, machozi yakimtoka kwa mara mbili za mwisho.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja mshale ulifika themanini na tisa.

Alivaa gauni lake la Idi, akaenda Nachingwea mjini. Alimkuta Domitila mlangoni.

"Nimefika, Sista. Nifundishe kupiga magoti."

"Panda kwanza."

Alipanda. Domitila alitazama, akatazama tena.

"Shuka. Vua ndala, weka kanga pembeni. Panda tena."

Mia moja kamili.

"Mizani yenu mbovu," Ashura akasema.

"Imekaguliwa juzi, mama. Wewe ulikuwa unajipimia wapi?"

"Kwa Hemedy."

"Hemedy ni nani, daktari?"

"Mnunuzi wa mbaazi."

Domitila hakucheka. Alivuta kiti akamkalisha, akakaa mbele yake. "Mimi baba yangu mkulima," alisema polepole. "Mnunuzi akitega mizani, mia inakuwa tisini. Bei ikipanda anaikaza zaidi. Wewe ulisimama mahali pa gunia, mama yangu. Ilikupima kama inavyolipima gunia."

Akilini Ashura aliiona bisibisi nyuma ya sikio la Hemedy. Aliiona vizuri kabisa.

"Lakini umepungua nne," Domitila akaendelea. "Nne za kweli. Kwa goti ni kama kumi na sita. Wagonjwa wangu wengi hawafiki hapo. Usi..."

Ashura hakumsikia. Nne. Miezi mitatu ya njaa, nne.

Kesho yake alikwenda njia panda. Foleni ilikuwa ndefu, korosho zimeanza. Hemedy alimwona akatabasamu.

"Mama Nuhu! Leo si Alhamisi."

"Nipime."

Alipanda bila kusubiri jibu. Mshale ukatulia themanini na nane.

"Jana hospitali nilikuwa mia," Ashura akasema, kwa sauti ya kawaida tu. "Nimepunguza kilo kumi na mbili nikiwa nimelala, Hemedy?"

Mzee mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake aliinuka, akalitazama gunia, akaitazama mizani.

"Mizani ya hospitali imezoea vichanga," Hemedy akasema, lakini mkono wake ulikwenda sikioni.

"Hebu leta hiyo bisibisi," mzee akasema.

Ndipo kelele zilipoanza. Huyu alitaja mbaazi zake, yule ufuta wa mkewe, mwingine alikwisha kamata mizani kwa mikono miwili. Mtu mmoja alimgeukia Ashura. "Na wewe, Mama Nuhu, dai! Ismaily aliuza magunia mangapi hapa?"

"Mimi sidai mbaazi," Ashura akasema. "Mimi nadai miezi mitatu. Atanirudishia na nini?"

Walikwisha rudi kwenye magunia yao. Alishika fimbo yake akaondoka. Nyuma yake alisikia bati la kibanda likipigwa, na hakugeuka.

Alasiri ile alisonga ugali wa watu watatu. Alitwanga karanga kwenye kile kinu, akakirudisha kazini kwake, akapika mchuzi mzito, akala peke yake mpaka akamaliza. Alikula kwa hasira, bila kuhisi ladha. Ismaily alipoingia akaona chungu kitupu, alitafuta utani wake wa siku zote na hakuupata. Alikaa karibu yake tu.

Siku nane zilipita hivyo. Kinu kilibaki wima. Siku ya tisa, asubuhi, simu ikalia kabla hajapiga yeye.

"Dada, njoo," Amri akasema. "Uji haushuki tena."

Kutoka Ruangwa mjini, alikoshushwa na basi, kwenda Mbekenyera alihitaji bodaboda. Wa kwanza alimtazama akageuza pikipiki. Wa pili, kijana aliyeitwa Modest, alizunguka nyuma akaikagua tairi.

"Mama, usinichukie. Wewe peke yako ni mshikaki. Lipa ya watu wawili."

"Nitalipa ya watatu. Mama yangu anakufa."

Modest alimshikia pikipiki isilale, akamsaidia kuupitisha mguu juu ya kiti, mguu uliokataa kupinda, na kila walipofika kwenye bonde alisema, "Pole, mama. Shikilia." Walipofika alipokea nauli ya mtu mmoja, nyingine akamrudishia mkononi.

Mama alikuwa amelala ubavu. Alikuwa amekuwa mdogo mno kitandani pale, hata shuka haikuonyesha vizuri kama kuna mtu. Macho hayakuwa yakiona tena. Ashura alikaa kwenye kile kiti cha mbao, na mkono wa Mama ukaja ukimpapasa, kwenye kiwiko, begani, shavuni.

"Umepungua," Mama akasema.

"Kilo nne tu, Mama."

"Mimi kilo sizijui. Najua mkono wangu."

Ashura alingoja lile swali la pili, la kuinama. Halikuja. Siku mbili zile Mama alizungumza Kimwera tu, na zaidi alimwita mama yake mwenyewe, aliyekufa Ashura hajazaliwa. Siku ya tatu, alfajiri, akanyamaza.

Waliuchimba ufuo kwenye chumba cha uani. Bi. Tabu alifika na mkoba wake wa pamba na karafuu maiti, mwanamke mnene kidogo, mchangamfu hata msibani, magoti yake mazima. Alimkuta Ashura amekwisha ingia, amefunga kanga kiunoni.

"Naosha mimi," Ashura akasema. "Aliniachia neno."

"Haya, mwanangu. Karibu chini."

Ashura alishika ukingo wa kitanda. Aliteremsha goti la kulia, likafika nusu, na pale kitu kikakatika ndani kama mti mkavu. Alipiga kelele. Somoe alimdaka, na maji ya ndoo yakamwagika sakafuni. Alijaribu goti la kushoto. Hakuweza hata nusu. Alijaribu kuinama kutoka kiunoni, mgongo ukamshika akabaki amepinda, uso umeelekea ukutani, hana mbele hana nyuma.

"Kaa pembeni, Mama Nuhu," Bi. Tabu akasema kwa upole, huku akikunja mikono ya gauni. "Kazi hii hailazimishwi. Wewe mwombee tu, inatosha."

Mkono wa Bi. Tabu ulikwisha shika pindo la shuka.

"Ngoja!" Ashura akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Bi. Tabu, kwa haki ya Mungu, ngoja. Somoe, kinu kiko wapi?"

"Kinu cha nini tena, wifi?"

"Kilete!"

Somoe alikibingirisha kutoka jikoni, kikiwa bado na unga wa jana. Wakakipindua kando ya kitanda, upande wa kushoto. Ashura alikipa mgongo kama alivyokipa cha kwake kila asubuhi kwa miezi mitatu, akanyoosha mikono mbele, akashuka. Alishuka polepole, hakujiachia. Alipofika, kitanda kilikuwa usawa wa mapaja yake. Kichwa cha Mama hakukifikia, wala miguu. Kati alifika.

"Wewe shika kichwa, Somoe miguu," akamwambia Bi. Tabu. "Huku katikati niachie mimi."

Bi. Tabu alishika kichwa. Kisha akageuza uso kuelekea kwenye ndoo, na tangu hapo hakuutoa kule.

Ashura alipitisha mkono chini ya shuka. Kovu lilikuwa palepale, limekunjamana, laini kama ngozi ya kitoto, na vidole vyake vigumu vililipitia lote bila kukosea, kutoka kiunoni mpaka pajani. Alimimina maji, akapitisha, akamimina. Walipohitaji kumgeuza, Bi. Tabu alisema atamsaidia, lakini Ashura alikuwa amekwisha mwinua, kwa mkono mmoja. Mama hakuwa na uzito. Mama hakufika hata nusu ya gunia. Yeye alikuwa amekesha na njaa miezi mitatu akitafuta kushusha kilo, na huku Mbekenyera mama yake alikuwa akizishusha bila kutaka, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha.

Hapo ndipo alipolia, na maji ya ndoo yakapita na machozi yakaingia ufuoni pamoja.

Walimvisha sanda. Bi. Tabu alifungasha mkoba wake na mlangoni akasimama. "Nimeosha wengi," alisema, "nami nina mdomo, najua wanavyosema. Hapa sikuona kitu." Akatoka.

Wanaume waliingia, wakamchukua. Ashura alibaki juu ya kinu. Somoe alirudi akamkuta hivyo.

"Wifi, nikuinue?"

"Niache kwanza."

Nje sauti za wanaume zilikuwa zikienda makaburini, zikipungua kadiri walivyoshuka bondeni. Mikono yake ilinuka karafuu maiti. Alikaza nyayo kwenye tope la sakafuni, akanyoosha mikono mbele, akahesabu mpaka tatu, akajaribu kusimama. Magoti yalikataa, akarudi chini. Alisubiri maumivu yapite. Hayakupita. Akaanza kuhesabu upya.